Nani Anastahili Matunzo ya Serikali Akiwa Nyumbani? Mwongozo kwa Familia na Jumuiya zenye Wazee



Katika nchi yetu mzee huzeekea nyumbani. Hulala katika chumba alichokijenga mwenyewe au katika nyumba ya mwanawe, hupikiwa na mkwe au mjukuu, na siku akizidiwa hubebwa na majirani hadi zahanati. Desturi hii ni njema na Mama Kanisa anaibariki. Hata hivyo, familia nyingi zimebadilika. Vijana wameenda mijini, wengine wametangulia mbele ya haki, na yuko bibi wa miaka zaidi ya 70 anayelea wajukuu peke yake huku yeye mwenyewe akihitaji kulelewa. Ndipo katika jumuiya zetu huulizwa: je, serikali ina msaada gani kwa mzee aliye nyumbani, na ni nani anayestahili kuupata?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo kwa kuangalia Tanzania Bara na Zanzibar. Yataeleza milango iliyopo, masharti ya kila mlango, na hati zinazohitajika. Yataeleza pia wajibu ambao hakuna serikali inayoweza kuuchukua kutoka mikononi mwa watoto na ndugu.

Mzee ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na takribani asilimia 6 kati yao walikuwa wamefikia umri huo. Hao ni mamilioni ya baba na mama zetu, na walio wengi wanaishi vijijini kwa kilimo, ufugaji au uvuvi, bila kuwahi kuajiriwa mahali palipowawekea akiba ya uzeeni.

Ni vema kufahamu mapema kwamba kufikisha miaka 60 ni sharti la kwanza tu. Misaada mingi imewekewa sharti la pili, yaani kutokuwa na uwezo. Wazee wengi hukata tamaa kwa sababu waliambiwa kuwa kila mwenye mvi hutibiwa bure, kisha dirishani wakaulizwa kitambulisho ambacho hawakujua kama kipo.

Orodha ya Mtume Paulo

Kuweka masharti ya msaada si jambo geni kwa Kanisa. Katika sura ya tano ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, Mtume Paulo anaeleza jinsi ya kuandika orodha ya wajane watakaotegemea jumuiya ya waamini. Anaagiza kwamba mjane aandikwe akiwa ametimiza umri usiopungua miaka 60, na awe na ushuhuda wa matendo mema. Anaagiza vilevile kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao, ili Kanisa lisilemewe na liweze kuwasaidia wajane ambao kweli hawana mtu.

Mafundisho hayo yanatupatia kanuni mbili. Kwanza, orodha yenye masharti inaweza kuwa tendo la haki, kwa sababu inamlinda mnyonge asisukumwe nyuma na mwenye nguvu. Pili, anayeingia katika orodha hali ana watu wa kumtunza anakalia nafasi ya asiye na mtu. Kanuni hizo mbili zitatusindikiza katika kila mlango tutakaoutaja.

Mlango wa kwanza: matibabu bila malipo

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kuwa wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wapate msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Zingatieni maneno "wasio na uwezo". Mzee mwenye kipato, au mwenye bima ya afya kupitia ajira yake ya zamani au kupitia mtoto wake, hutibiwa kwa njia hiyo nyingine.

Utambuzi huanzia pale mzee anapoishi. Serikali ya kijiji au ya mtaa ndiyo inayomfahamu na kuthibitisha kwamba hana uwezo. Jina lake hupita katika kata na kufika halmashauri, na hatimaye hupewa kitambulisho cha matibabu, au kadi ya bima iliyolipiwa na halmashauri pale utaratibu huo unapotumika. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye mtu wa kumwendea jambo linapokwama. Katika hospitali za umma pia wapo maofisa ustawi wa jamii, nao huweza kumsaidia mgonjwa aliyefika bila kitambulisho.

Mambo matatu yakumbukwe. Mzee aanzie kituo cha karibu, yaani zahanati au kituo cha afya, kisha apewe rufaa akihitaji hospitali kubwa, maana kwenda hospitali kubwa bila rufaa huleta gharama na usumbufu. Pili, msamaha wa malipo haumaanishi kwamba dawa zote zitakuwapo kituoni. Dawa ikikosekana, familia au jumuiya ijiandae kuinunua. Tatu, vituo vingi vina dirisha au chumba maalumu cha wazee. Mzee asisimame katika foleni ndefu kwa kuona haya kuuliza dirisha hilo liko wapi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka msingi wa kugharimia bima ya watu wasio na uwezo. Hapo tena swali litakuwa lile lile: ni nani aliyetambuliwa na kuandikwa? Kwa hiyo mzee ambaye jina lake halimo katika orodha ya kijiji leo ahimizwe kuandikishwa mapema.

Mlango wa pili: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini

Mpango huu, unaotekelezwa na TASAF, ulizinduliwa mwaka 2012. Watu wengi hudhani ni mpango wa wazee. Ukweli ni kwamba unaitazama kaya nzima. Mzee anayeishi katika nyumba ya mtoto mwenye mshahara hahesabiwi peke yake, ilhali bibi anayelea wajukuu yatima bila chakula cha kutosha ana nafasi kubwa zaidi ya kutambuliwa.

Katika utaratibu wake, wananchi wenyewe hutaja kaya maskini sana katika mkutano wa kijiji, mtaa au shehia. Kisha kaya hizo huhojiwa kwa dodoso kuhusu hali ya maisha, nyumba na mali, na majina yaliyopita hurudishwa mbele ya wananchi ili yathibitishwe. Kaya iliyoandikishwa hupokea ruzuku. Ikiwa na watoto, hudaiwa mahudhurio yao shuleni na kliniki. Kaya isiyo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi haidaiwi kushiriki katika ajira za muda.

Kutokana na utaratibu huo, mkutano wa kijiji ni mahali pa uamuzi mzito. Mzee aliyelala kitandani hafiki mkutanoni, na asiyefika mara nyingi hatajwi. Hapa jirani Mkristo ana kazi ya kusimama na kumtaja. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinasimulia jinsi wajane wa upande mmoja walivyosahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakupuuza manung'uniko yale. Waliitisha jumuiya, na watu saba wenye sifa njema wakachaguliwa kuisimamia kazi hiyo. Kutaja jina la aliyesahaulika ni sehemu ya utume wa walei.

Uandikishaji haufanyiki kila siku, bali hufuata awamu. Familia iulize kwa Afisa Mtendaji wa kijiji au mtaa kama kuna zoezi linaloendelea, na isimpe fedha mtu yeyote anayeahidi kuingiza jina kwa njia ya pembeni.

Mlango wa tatu: pensheni

Kwa Tanzania Bara, pensheni ni ya aliyechangia. Aliyekuwa mtumishi wa umma huhudumiwa na PSSSF, na aliyekuwa katika sekta binafsi au aliyejiwekea akiba kwa hiari huhudumiwa na NSSF. Mkulima au mvuvi ambaye hakuwahi kuchangia mfuko wowote hana pensheni ya kila mwezi kutoka serikalini. Haifai kumpa mzee matumaini ya hewa katika jambo hili.

Kwa Zanzibar hali ni tofauti. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizo hutoka katika bajeti ya serikali, na mzee haulizwi kama aliwahi kuajiriwa wala kama ni maskini. Anachotakiwa kuthibitisha ni umri wake na ukaazi wake Zanzibar kwa muda uliowekwa. Waamini wenzetu wa Unguja na Pemba waanzie kwa sheha wa shehia yao.

Tofauti hiyo ya pande mbili inafundisha jambo. Msaada wa wote waliofikia umri fulani hauhitaji dodoso la umaskini, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumsahau mtu. Msaada wa wasio na uwezo peke yao hutegemea macho na uaminifu wa wanaotaja majina. Kwa sababu hiyo sisi wa Bara tunadaiwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mlango wa nne: makazi ya wazee

Kwa mzee asiye na ndugu wala makao, serikali inaendesha makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali. Miongoni mwake ni Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Zanzibar yapo makazi ya Sebleni na Welezo. Watawa wetu nao huendesha nyumba za wazee katika majimbo kadhaa.

Mlango huu ni wa mwisho kwa makusudi. Afisa Ustawi wa Jamii hutakiwa kwanza kuwatafuta ndugu na kuona kama mzee anaweza kubaki katika mazingira aliyoyazoea. Mtoto anayempeleka mzazi wake huko ili apumue, huku ana nyumba na kipato, anakwenda kinyume cha lengo la makazi hayo. Kwa upande mwingine, mzee aliyeachwa kabisa asionewe aibu kwa kupokelewa pale. Yeye ni kiungo cha Mwili wa Kristo, na parokia iliyo jirani imtembelee na kumpelekea Sakramenti.

Matunzo ya kila siku

Swali la mwisho la familia nyingi ni hili: je, serikali humlipa mtu wa kuja nyumbani kumwogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani? Nchini kwetu hakuna utaratibu wa kitaifa wa namna hiyo. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024. Hao hutembelea kaya, hutoa elimu ya afya, hutambua dalili za ugonjwa na kumwelekeza mgonjwa kituoni. Familia yenye mzee mgonjwa imfahamu mhudumu wa kitongoji chake na kumwomba apite mara kwa mara. Kazi ya mikono ya kila siku inabaki kwa watoto, wakwe, wajukuu, majirani na jumuiya.

Hati ya umri na kazi ya ofisi ya parokia

Wazee wengi wanakwama mahali padogo sana: hawawezi kuthibitisha umri wao. Walizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa hawana, na mwaka waliozaliwa wanaukumbuka kwa njaa fulani au mafuriko fulani. Huenda hata kitambulisho cha taifa kimeandikwa mwaka uliokisiwa, na mtu wa miaka 72 anaonekana ana 58.

Hapa Kanisa lina hazina. Kanoni ya 535 inaagiza kila parokia itunze vitabu vyake, kikiwamo cha waliobatizwa. Kanoni ya 877 inaagiza kwamba paroko aandike pia tarehe na mahali pa kuzaliwa kwa anayebatizwa. Wamisionari na makatekista waliotutangulia walikuwa waangalifu katika kazi hiyo, na katika parokia kongwe bado zimo kumbukumbu za watu waliobatizwa kabla ya uhuru. Wakala wa usajili wa vizazi na vifo, RITA, hupokea cheti cha ubatizo kama mojawapo ya viambatisho vya kuombea cheti cha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa kusajiliwa.

Familia yenye mzee asiye na hati ifanye hivi. Ijue parokia alikobatizwa, jina la ubatizo, majina ya wazazi na, ikiwezekana, ya msimamizi wake. Iende katika ofisi ya parokia hiyo, au iombe paroko wake wa sasa aandike barua. Kwa aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, tarehe ya ubatizo yenyewe huonyesha alizaliwa lini. Kwa aliyebatizwa mtu mzima, umri ulioandikwa unaweza kuwa ni makisio, hata hivyo ni makisio ya wakati ule, yaliyoandikwa kabla ya kuwapo msaada wowote wa kuugombania. Kwa hiyo makarani wa parokia wavitunze vitabu hivyo visiliwe na mchwa wala kulowa mvua, na wasimrudishe mzee nyumbani kwa uvivu wa kutafuta. Nao wasikubali kamwe kubadili mwaka ili mtu apate asichostahili. Cheti cha ubatizo ni ushuhuda wa Kanisa, na ushuhuda wa uongo ni dhambi dhidi ya Amri ya Nane.

Wajibu usiohamishika

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2218, inafundisha kwamba Amri ya Nne inawadai watoto waliokwisha kukua kuwasaidia wazazi wao kwa mali na kwa moyo wakati wa uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Bwana wetu mwenyewe, katika sura ya saba ya Injili ya Marko, aliwakemea waliotumia sadaka iliyowekwa wakfu kuwa kisingizio cha kutowasaidia baba na mama. Kama hata sadaka ya hekalu haikuwa kisingizio, ruzuku ya serikali haiwezi kuwa.

Kwa hiyo yapo makosa ambayo dhamiri ya Mkristo iyakatae. Mtoto mwenye uwezo asifiche mali yake ili mzazi aandikwe maskini. Anayempokelea mzee fedha zake azifikishe zote, na mzee aambiwe ni kiasi gani. Mzee akifariki, taarifa itolewe, maana kuendelea kupokea kwa jina la marehemu ni wizi. Na kiongozi wa kijiji aliye mwamini asiweke jina la shangazi yake mbele ya mjane asiye na mtu wa kumtetea.

Ndugu wapendwa, msiwaache watunzaji nao walemewe. Mara nyingi mzigo wote hubebwa na binti mmoja au mkwe mmoja, huku wengine wakituma simu za pole. Familia ikae pamoja na kugawana: nani atatoa fedha, nani atampeleka kliniki, nani atalala kwa mzee mwishoni mwa juma.

Jumuiya Ndogo Ndogo ifanye nini?

Kanoni ya 529 inamwagiza paroko azifahamu familia, na awatafute kwa bidii maskini, wenye mateso na walio wapweke. Paroko mmoja mwenye vigango kumi hawezi kufika kila mlango bila Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kila jumuiya inaweza kutekeleza haya:

1. Iandike orodha ya wazee wote katika eneo lake, wakiwamo wasio Wakatoliki, na kuonyesha nani anaishi peke yake.
2. Iulize juu ya kila mmoja: ana hati ya umri? Ana kitambulisho cha matibabu au bima? Jina lake limefika serikali ya kijiji au mtaa?
3. Iteue mtu wa kumsindikiza mzee ofisini na kituoni. WAWATA, UWAKA na vijana wa VIWAWA wagawane kazi hiyo, na vijana wasaidie kujaza fomu.
4. Impe taarifa paroko juu ya mgonjwa anayehitaji Komunyo Takatifu, Kitubio au Mpako wa Wagonjwa.
5. Palipo na unyanyasaji wa mzee au kuporwa mali yake, itoe taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa baraza la wazee na, inapobidi, polisi.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Parokia nyingi huiadhimisha kwa Misa na zawadi za kanga, sabuni na sukari. Zawadi hizo ni njema. Mwaka huu jumuiya ziongeze jambo moja: kabla ya Jumapili hiyo, kila mzee asiye na hati awe ameshafunguliwa kitabu cha ubatizo na jina lake kutafutwa, na kila asiye na mtu awe ameshatajwa mbele ya mkutano wa kijiji au mtaa.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyemkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi akiwa msalabani, atujalie neema ya kuwapokea wazee wetu nyumbani mwetu. Amina.